Treni inaporudi kwenye reli ya mita katikati ya Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa upande wa chumba cha dereva

Majibu haya ni kwa ajili ya watu wa kando ya reli ya mita, ile yenye upana wa milimita 1,000: Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa, Dodoma, Bahi, Kintinku, Saranda, Manyoni, na wale wa tawi la Singida. Yanahusu kipindi ambacho njia iliyofungwa, mara nyingi kwa mafuriko, inafunguliwa tena. Tumemlenga msafiri, mfugaji, mwenye mzigo, na kijana anayeitazama injini ikipita akitamani kuiendesha. Hesabu tulizoweka ni za mfano, ili uone mambo yanavyokwenda. Vikomo halisi vya kila siku dereva hupewa kwa maandishi kabla hajaondoka.

Tukiambiwa njia imefunguliwa, kimefunguliwa nini hasa?

Njia hufunguliwa kwa hatua, na kila hatua ina watu wanaosema "imefunguliwa". Kwa kawaida anayetangulia ni mkaguzi na kiberenge chake, kigari kidogo cha relini, akisimama kila penye daraja, karavati (njia ya maji chini ya tuta) na pointi za kubadilishia njia. Baada yake huja treni ya kazi, yaani injini na mabehewa ya kokoto, inayomwaga, inarudi kupakia, inamwaga tena. Uzito wa safari hizo ndio unaoanza kushindilia tuta. Penye daraja lililotengenezwa, injini hupitishwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, wahandisi wakiwa chini wanaangalia daraja linabonyea kiasi gani na kama linarudi mahali pake injini ikishatoka. Hapo ndipo mizigo inaruhusiwa. Abiria huja mwisho.

Dereva naye ana hatua zake. Aliyekaa miezi bila kupita kipande fulani haruhusiwi kukivamia kwa kukumbuka. Hupita kwanza na mkaguzi au dereva anayekijua kilivyo sasa, mchana na usiku, kwa sababu wakati njia ilipofungwa vichaka vimeota, vibao vya kilomita vimeng'olewa, kona iliyokuwa wazi imezibwa na miiba, na pengine tuta limesogezwa mita kadhaa kutoka lilipokuwa.

Kwa nini kipande cha Kilosa hadi Gulwe ndicho kinachofungwa kila mara?

Kwa sababu reli hapo imeshikana na mto. Mto Kinyasungwe unashuka kutoka upande wa Dodoma, ukipita Gulwe unaitwa Mkondoa, na wajenzi walioifikisha reli Dodoma mwaka 1910 waliufuata bonde lake kwa kuwa ndilo lililokuwa na mwinuko wa kupandika. Mto huo hubeba mchanga mwingi. Mchanga unatulia, kitanda cha mto kinapanda, nafasi chini ya madaraja inapungua, na mwaka wa mvua nyingi maji yanaamua kupita kwenye tuta. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilikata njia vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi.

Jambo linalomtia dereva wasiwasi zaidi ni kwamba mafuriko ya huku huja chini ya anga jeupe. Mvua imenyesha milimani Mpwapwa, korongo limejaa saa kadhaa baadaye, na pale alipo hakuna hata tone.

Reli ni mpya, kokoto ni mpya. Mbona treni inatambaa?

Inatambaa kwa sababu ni mpya. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na tungependa lieleweke vizuri.

Tuta la zamani limekanyagwa na treni kwa miongo mingi. Udongo wake umekaa, kokoto zimeshikana. Tuta lililojazwa wiki tatu zilizopita, hata likishindiliwa kwa mashine, bado litashuka. Tatizo ni kwamba halishuki sawasawa: hapa sentimita moja, mita nne mbele sentimita tatu. Panaposhuka, taruma, yaani mhimili wa chini unaobeba reli mbili, linabaki limening'inia kwenye reli likiwa na uwazi chini yake. Gurudumu likifika linalisukuma chini, likipita linapanda, na kila mpigo unasaga kokoto na kuvuta tope juu. Ukiona mataruma yenye rangi ya udongo katikati ya kokoto safi, ujue hapo panapiga.

Hatari kubwa ni reli moja kushuka huku mwenzake ikibaki juu katika umbali mfupi. Behewa lina pembe nne, na likikuta msokoto wa namna hiyo gurudumu moja linapoteza uzito na linaweza kuupanda ukingo wa reli. Watu wengi hudhani behewa lenye shehena ndilo linaloacha njia kwa urahisi. Kwenye msokoto ni kinyume: behewa tupu ndilo baya, kwa sababu halina uzito wa kulikandamiza gurudumu lirudi chini, na springi zake zilizotengenezwa kubeba tani nyingi zinakuwa ngumu.

Kwa hiyo kikomo huanza chini, tuseme kilomita 10 kwa saa, treni kadhaa zipite, wafanyakazi wa njia wainue na kushindilia upya, kipande kipandishwe hadi 20, kisha 30, na kuendelea. Kuruka hatua kunaharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Sasa hesabu ya muda. Kikomo kinahusu treni nzima, kuanzia pua ya injini mpaka behewa la mwisho. Treni ya mabehewa 30 yenye urefu wa mita 14 kila moja, pamoja na injini, ni kama mita 440. Kipande kibovu kikiwa cha mita 500, dereva atakwenda kilomita 10 kwa saa kwa mita 940, ambazo ni dakika tano na nusu hivi. Kukiwa na vipande kumi vya aina hiyo kati ya stesheni kubwa mbili, zinapotea kama dakika 45 ukilinganisha na mwendo wa 50, kabla hujahesabu muda wa kupunguza na kuongeza mwendo. Dereva anayevuta nguvu mara tu injini yake inapopita kibao cha mwisho anayaburuta mabehewa ya nyuma juu ya tuta bichi kwa kasi. Ndiyo maana husubiri, akihesabu vibao au akiambiwa na gadi, msimamizi wa treni aliye nyuma, kwa redio kwamba mkia umetoka.

Treni inahitaji umbali gani ili isimame?

Tuchukue treni ya mizigo ambayo breki zake hupunguza mwendo kwa mita 0.3 kwa sekunde katika kila sekunde, na sekunde 8 zinapita tangu dereva aone hadi breki zishike treni nzima. Kwenye tambarare, kwa kilomita 50 kwa saa, itasimama baada ya mita 430 hivi. Kwa kilomita 30, mita 180. Ukiiweka treni hiyohiyo kwenye mteremko wa 1 kwa 50, yaani unaoshuka mita moja kila mita 50, uzito wake unazila sehemu kubwa ya breki, na kwa kilomita 50 itahitaji zaidi ya kilomita moja. Hata kwa kilomita 20 bado inataka kama mita 190.

Kwenye kona za bonde la Mkondoa au ndani ya vichaka vya kuelekea Itigi, dereva anaweza kuwa anaona mita 200 tu mbele yake. Hapo mwendo unaamuliwa na macho. Kama treni haiwezi kusimama ndani ya kile unachokiona, unakwenda kasi mno, hata kama karatasi inakuruhusu zaidi.

Mbona treni hukaa stesheni nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka, injini ikiwa imeshafungwa?

Inapimwa breki. Breki za upepo hufanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: bomba lililopita treni nzima likiwa limejaa upepo, kwa kawaida takriban bar 5, breki zimefunguka. Dereva akipunguza upepo, kila behewa linatumia upepo wa tangi lake dogo kukandamiza viatu vya breki kwenye magurudumu. Treni ikikatika, bomba linapasuka, upepo unatoka, na breki zinashika zenyewe.

Kupima huenda hivi. Treni inajazwa upepo mpaka geji ya behewa la mwisho ionyeshe kiwango, kwa sababu geji ya injini peke yake inaweza kudanganya. Ulishaji unafungwa, na upepo unatazamwa kama unavuja kupita kiasi kilichoruhusiwa. Breki zinafungwa, mtu anatembea urefu wote akitazama kila kiatu kimeshika, zinafunguliwa, anarudi akitazama kila kiatu kimeachia. Mabehewa yenye breki mbovu yanahesabiwa na kuandikwa, karatasi inasainiwa, dereva anapewa nakala.

Kosa baya kuliko yote ni koki, yaani bomba la kufungia upepo, kati ya mabehewa mawili kubaki imefungwa. Injini itaonyesha upepo kamili, mabehewa ya mbele yatashika vizuri, na yote yaliyo nyuma ya koki hayatakuwa na breki ya dereva hata kidogo. Ndiyo sababu tunaomba kwa dhati: watoto wasichezee vishikio vilivyo kati ya mabehewa yaliyosimama stesheni.

Kosa la pili ni la mteremkoni. Dereva akifunga na kufungua breki mara kwa mara bila kuyapa matangi nafasi ya kujaa tena, kila mara anapata breki dhaifu kuliko iliyotangulia, mpaka anabaki mikono mitupu. Katika mteremko mrefu unaanza polepole tangu juu, unashika kidogo na mapema, na breki ya umeme ya injini ikiwepo inafanya sehemu kubwa ya kazi.

Katika reli hii hilo si jambo la vitabuni. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma ikishuka mlima, ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Treni ikisimama mlimani kwa hitilafu yoyote, kazi ya kwanza ni kuifunga isiondoke: breki za mkono kwenye mabehewa ya kutosha, na vyuma au magogo ya kuzuia magurudumu. Upepo huvuja. Hitilafu inatafutwa baada ya hapo.

Kwa nini treni inakuja na mabehewa machache kuliko zamani, na wakati mwingine inakatwa vipande viwili ikitoka Saranda?

Bahi iko takriban mita 830 juu ya usawa wa bahari. Manyoni iko juu ya mita 1,200, na katikati yao kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Treni ya tani 600 pamoja na injini yake, kwenye mwinuko wa 1 kwa 50, inavutwa nyuma na uzito wake kwa nguvu ya tani 12. Ongeza tani moja na nusu ya msuguano wa magurudumu na ekseli (mhimili unaounga magurudumu mawili). Injini lazima ivute tani 13 na nusu ili isogee tu.

Injini yenye uzito wa tani 72 kwenye reli kavu inaweza kushika kama robo ya uzito wake, yaani tani 18. Inapanda. Reli ikilowa, mshiko unaweza kushuka hadi asilimia 15, ambazo ni tani 10.8. Hapo magurudumu yanazunguka bure na treni inasimama, hata kama dizeli ina nguvu za ziada.

Njia ikiwa nzima, dereva huuanza mlima akiwa na kasi, na kasi hiyo humsaidia sehemu ya kwanza. Njia iliyofunguliwa upya mara nyingi ina kikomo cha kilomita 10 palepale chini ya mlima, kwa sababu chini ya mlima ndiko korongo na daraja vilipo. Anaanza kupanda kutoka karibu na sifuri. Injini za dizeli za hapa zinaendeshwa kwa mota za umeme zilizo kwenye ekseli, na mota inayozunguka taratibu huku ikila umeme mwingi hupata moto. Amita, kipimo cha umeme unaoingia kwenye mota, ikiingia eneo jekundu, zinaruhusiwa dakika chache tu, zimeandikwa kwenye kibao mbele ya dereva. Akizipitisha, anaunguza mota na treni inabaki porini. Kwa hiyo kikomo kimoja cha mwendo chini ya kilima kinaweza kupunguza mzigo wa treni zote za njia hiyo mpaka kitakapoondolewa. Ukiwa na mzigo wako Manyoni unaosubiri nafasi, chanzo chaweza kuwa karavati moja ambalo hujawahi kuliona.

Treni ikishindwa, inakatwa. Sehemu ya nyuma inafungwa kwanza kwa breki za mkono na vizuizi, ndipo kiungo kinafunguliwa. Injini inapeleka nusu ya mbele mpaka stesheni yenye njia ya pembeni, inaiacha, inarudi kufuata nusu iliyobaki. Muda wote huo kipande kinahesabiwa kina treni, na hakuna nyingine itakayoruhusiwa kuingia.

Mvua kubwa na manyunyu, dereva anaogopa ipi?

Kwa tuta, mvua kubwa. Kwa magurudumu, manyunyu. Mvua kubwa huosha reli. Manyunyu ya kwanza ya Novemba au Desemba hukuta vumbi la miezi saba, kutu, majani na mafuta, yanachanganya tope jembamba linaloteleza. Kwenye njia iliyokaa bila treni kutu ni nyingi zaidi, na safari kadhaa za mwanzo ndizo zinazoisugua.

Dawa ni mchanga unaomwagwa mbele ya gurudumu kutoka kwenye masanduku ya injini. Uwe mkavu na uliochekechwa, maana mchanga mbichi huganda kwenye bomba na dereva hugundua akiwa katikati ya mlima. Unamwagwa kabla gurudumu halijaanza kuzunguka bure. Likishazunguka, punguza nguvu kwanza, ndipo umwage.

Hakuna taa njiani. Dereva anajuaje kwamba mbele hakuna treni nyingine?

Kwa kibali cha njia. Kati ya stesheni mbili huwa treni moja tu. Stesheni masta huulizana na mwenzake wa mbele, wakikubaliana anaandika kibali: namba ya treni, kutoka wapi hadi wapi, saa, na saini. Dereva hukisoma kwa sauti na msaidizi wake akisikia, neno kwa neno. Kikiwa na namba ya treni nyingine au jina la stesheni lililokosewa, treni haiondoki, hata kama kila mtu anajua ilikusudiwa nini.

Treni ikifika, stesheni masta hutazama alama ya mkia. Behewa la mwisho likikosa alama yake, huenda mabehewa yamebaki njiani, na kipande hakifunguliwi mpaka ijulikane.

Hapa ndipo penye jibu la wanaouliza kwa nini treni inasubiri saa mbili pasipo na kitu. Baada ya njia kufungwa, stesheni ndogo kadhaa zinaweza kuwa hazijarudishiwa watumishi au njia za kupishana. Vipande viwili vifupi vinageuka kimoja kirefu, na treni inayokutana na mwenzake inaingoja ipite urefu wote.

Mchana wa jua kali treni hupunguza mwendo. Kwa nini?

Chuma hutanuka. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, inaongezeka karibu milimita 4. Ndiyo sababu kati ya reli na reli huachwa uwazi mdogo, na vyuma vya kuungia, fishipleti, vinatakiwa kupakwa grisi ili reli iteleze. Uwazi ukijaa na bado joto linapanda, reli inatafuta pa kwenda, na inakwenda pembeni. Kinachoizuia ni kokoto zilizozunguka mataruma, na kokoto zilizochokonolewa jana kwa matengenezo hazina nguvu hiyo. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, reli juani Dodoma hupita nyuzi 50, na hicho ndicho kipindi ambacho mafundi hukazana kumaliza kazi.

Kutoka chumba cha dereva, mazigazi huifanya reli ionekane kama inacheza. Namna ya kutofautisha: mazigazi husogea mbele kadiri unavyosogea. Reli iliyopinda inabaki palepale, ina umbo la nyoka, na mara nyingi kokoto za upande mmoja zimesukumwa zikaacha shimo kwenye ncha za mataruma. Ukiwa na shaka, simama uende kwa miguu.

Dereva anatazama nini kingine?

Msimu wa mvua anatazama upande maji yanakotoka. Takataka, magogo na majani yaliyojikusanya kwenye mdomo wa karavati yanamwambia limeziba. Maji yaliyotuama chini ya tuta upande mmoja tu yanamwambia tuta limekuwa bwawa, na udongo wake unalainika. Kokoto safi mno kuliko jirani zake zimeoshwa karibuni. Nguzo za uzio au za simu zilizolala zinaonyesha udongo unasogea.

Maji yakiwa juu ya reli, haingii. Haoni kama tuta bado lipo chini yake, na mota za injini zimening'inia karibu sana na reli.

Mengine huyasikia kwa mwili. Kudunda wima penye kiungo ni kiungo kilichoshuka. Kuyumba kulia na kushoto kwa zamu ni mwelekeo wa reli ulioharibika. Kuinama upande mmoja ghafla na kurudi ni ule msokoto tuliousema. Ripoti inayosaidia ina kilomita na namba ya nguzo iliyo karibu, upande wa kulia au kushoto kwa mwelekeo wa safari, mwendo aliokuwa nao, na alichohisi. "Njia mbaya kabla ya Kikombo" haimsaidii fundi. Atatembea kilomita nne bila kuona kitu, kwa sababu taruma linaloelea huonekana zima likiwa halina mzigo. Ripoti hutolewa kwa redio papo hapo, na treni inayofuata huonywa.

Mifugo yetu imezoea kupita relini wakati treni hazipo. Tufanye nini sasa?

Wazee na vijana wafugaji, hili tunalisema kwa heshima na kwa msisitizo. Miezi bila treni hufanya tuta kuwa njia ya ng'ombe: ni kavu, na pembeni mwake kuna majani mabichi. Dereva anayeliona kundi kwa mita 200 akiwa mteremkoni kwa kilomita 50 hawezi kusimama, kama hesabu ya juu inavyoonyesha. Anaweza kupiga honi mapema na kushika breki.

Vushieni penye njia iliyonyooka, kamwe kwenye kona. Mtu mmoja asimame upande huu akitazama mbali, mwingine upande ule. Ndama wavushwe pamoja na mama zao, maana ndama akibaki nyuma ng'ombe anageuka katikati ya reli. Kundi likianza kuvuka lisigawanywe. Msinyweshe kwenye madimbwi yaliyo mdomoni mwa makaravati, kwa sababu kwato zinabomoa kingo na mvua ijayo inamalizia. Mchungaji asipumzike chini ya behewa lililosimama. Treni huanza kusogea bila kishindo upande wa nyuma.

Nataka kusafirisha alizeti au mahindi. Kwa nini naambiwa nipunguze?

Kikomo cha uzito huhesabiwa kwa ekseli. Kama kipande kilichotengenezwa kinaruhusu tani 13.5 kwa ekseli, behewa la ekseli nne lisizidi tani 54 kwa jumla. Behewa lenyewe likiwa na tani 18, mzigo ni tani 36, yaani magunia 360 ya kilo 100. Daraja dhaifu kuliko yote njiani ndilo linaloamua, hata kama mzigo wako unavuka madaraja mengine imara.

Pakia sawasawa. Magunia yakirundikwa upande wa mlango kwa sababu vibarua wamechoka, magurudumu ya upande wa pili yanakuwa mepesi, na kwenye njia changa hilo linatosha kulitoa behewa relini. Anza ncha mbili juu ya magurudumu, malizia katikati.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, ipo. Reli ya zamani ya nini tena?

Treni za umeme za abiria zilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, kwenye reli ya milimita 1,435 iliyosanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni nyingine kabisa. Injini ya reli ya mita haiwezi kupita juu yake. Treni ya namna hiyo haiwezi kusimama kila kijiji na ikabaki ya haraka. Kijiji kisicho na kituo cha SGR, mzigo unaopandia stesheni ndogo, na tawi la Manyoni hadi Singida, takriban kilomita 115, bado vinaitegemea reli ya mita. Tunaona ni haki vitunziwe. Tahadhari moja: penye nyaya za SGR kuna volti 25,000. Usinyooshe fito wala bomba karibu nazo.

Kijana wangu anataka udereva wa treni. Aanzie wapi?

Masomo ya sayansi, afya njema, macho yanayotofautisha nyekundu na kijani bila shaka. Mafunzo ya reli yana chuo chake Tabora. Huanza kama msaidizi, akijifunza injini, kanuni na njia, kwa miaka, kabla ya kukabidhiwa treni.

Nikikuta reli imening'inia au karavati limeondoka, nifanye nini?

Usianze kwa kutafuta kiongozi wa kijiji. Mkiwa wawili, kila mmoja akimbie upande wake wa reli. Ukiwa peke yako, kimbilia upande ambao treni inatarajiwa; usipojua, nenda upande wenye mteremko wa kuja palipobomoka, kwa sababu huko ndiko treni itachukua mita nyingi kusimama. Fika angalau kilomita moja, na kama kuna kona, ipite.

Simama pembeni ya reli, usisimame katikati. Pandisha mikono yote miwili juu ya kichwa na kuipunga kwa nguvu. Kitambaa chekundu ni bora, lakini kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu dereva hukichukua kuwa ni amri ya kusimama. Usiku punga tochi kushoto na kulia. Endelea mpaka usikie breki zikishika, maana honi peke yake haionyeshi kwamba ameelewa. Wakati huo mtu mwingine apige simu au akimbie stesheni ya karibu aseme namba iliyo kwenye nguzo ya kilomita, na mto au korongo lenye jina. Treni ikishasimama, mwambie dereva ni hatua ngapi kutoka hapo hadi palipobomoka.